Baridi ya Juni na Mahindi ya Februari: Maji ya Udongo Katika Mashamba ya Kamina

 Mazungumzo ya leo yanahusu baridi ya kiangazi, maji yanayobaki ndani ya udongo, na jinsi mambo hayo mawili yanavyoamua mavuno ya msimu unaofuata. Wengi husema kilimo huanza Oktoba, mvua ya kwanza inapoanguka. Lakini je, shamba linalopokea mvua hiyo liko katika hali gani? Limefunikwa au liko uchi? Ni laini au limekauka likawa gumu? Hali hiyo hutengenezwa kati ya Mei na Septemba, na ndiyo maana mavuno ya Februari huanza kuamuliwa wakati wa baridi ya Juni.

Kwanza, hali ya hewa yenyewe. Kamina, mji wa jimbo la Haut-Lomami nchini Kongo, iko kusini ya ikweta, karibu na nyuzi 9 za latitudo, juu ya uwanda wenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Mwaka wake una vipindi viwili vikubwa: mvua, kuanzia mwisho wa Septemba au Oktoba hadi Aprili, na kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba. Upande wa kaskazini wa jimbo, kuelekea Kabongo na Kaniama, kiangazi ni kifupi kidogo. Kadiri mtu anavyoshuka kusini, ndivyo kinavyorefuka.

Kwa mwaka mzima, mvua ya Kamina hupita milimita 1,000. Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja ya maji juu ya kila mita mraba ya ardhi. Kwa hiyo kila mita mraba ya shamba hupokea zaidi ya lita 1,000 kwa mwaka. Maji hayo si haba. Mahindi, tangu kupandwa hadi kukomaa, huhitaji kati ya milimita 500 na 800. Kama hesabu ingeishia hapo, hakuna shamba la Kamina ambalo lingekosa mahindi. Lakini hesabu haiishii hapo, kwa sababu mmea hunywa maji yaliyokaa karibu na mizizi yake, na maji yaliyokimbilia mtoni hayaufai kitu.

Kwa nini Juni na Julai huwa na baridi? Wakati huo jua liko kaskazini ya ikweta, na mkanda wa mawingu ya mvua hulifuata huko. Kusini mwa Afrika hukaa hewa nzito na kavu, nayo husukuma upepo kutoka kusini-mashariki, kupitia Zambia, hadi kwenye nyanda za Katanga. Upepo huo haubebi mvua. Anga hubaki wazi mchana na usiku. Mchana jua hupasha ardhi, lakini usiku, kwa kuwa hakuna mawingu ya kulizuia, joto la ardhi hupanda juu na kupotea. Ndiyo sababu alfajiri ya Julai huwa kali ilhali mchana wake una joto, na juu ya nyanda za Biano na Kundelungu, zilizo juu zaidi, baridi huwa kali kuliko ya Kamina.

Hali hiyo hufanya nini ndani ya udongo? Mvua za Aprili zinapokwisha, ardhi huwa imelowa mpaka chini. Kisha hukauka kuanzia juu. Jua na upepo hunyonya maji ya tabaka la juu, lile ambalo jembe hulifikia, na nyasi na magugu yaliyobaki shambani hunyonya mengine kwa mizizi yao. Kufikia Agosti tabaka hilo limekuwa kavu kabisa. Chini zaidi, kwenye kina cha mita moja na kuendelea, unyevu bado upo.

Je, kuna ushahidi wa unyevu huo wa chini? Upo, na kila mtu hupita karibu nao. Mwezi wa Septemba, kabla mvua haijaanguka hata mara moja, miti ya miombo huchipua majani mapya, mekundu na ya kijani kibichi. Miti hiyo haijapata tone la maji kutoka mbinguni kwa miezi minne au mitano. Inaishi kwa maji ya chini, yaliyobaki kutoka mvua za mwaka uliopita, kwa sababu mizizi yake inayafikia. Mbegu ya mahindi, iliyofukiwa kina cha vidole vitatu tu, haiwezi kuyafikia. Mbegu hutegemea tabaka la juu, na tabaka la juu ndilo lililokauka.

Irudiwe ili ishikike vizuri: baada ya kiangazi, ardhi ya Kamina huwa kavu juu na yenye unyevu chini, na mmea mchanga huishi juu.

Pili, aina ya udongo. Udongo mwingi wa nyanda za Kamina ni mwekundu au wa manjano, mzee sana, uliooshwa na mvua kwa maelfu mengi ya miaka. Ukitazamwa, unaonekana kuwa na mfinyanzi wa kutosha. Lakini chembe zake za mfinyanzi zimeshikamana katika vipande vidogo, na maji hupita kati ya vipande hivyo kwa haraka, karibu kama yanavyopita kwenye mchanga. Udongo wa namna hiyo ni mtungi wenye ufa: hujazwa na mvua kubwa, na baada ya siku chache umepungua. Kinachoziba ufa huo ni mboji, yaani majani, mabua na mizizi iliyooza na kuchanganyika na udongo. Mboji hushika maji, hushika pia chakula cha mimea, na huufanya udongo ubaki laini. Shamba lenye mboji nyingi huweza kuvumilia wiki mbili bila mvua. Shamba lisilo na mboji huanza kunyausha mahindi baada ya siku chache za jua kali.

Sasa, mboji hutoka wapi, na hupotelea wapi? Hutoka kwenye majani yanayoachwa yaoze. Hupotea kwa njia nyingi, na mojawapo ya zile zinazotokana na mkono wa binadamu ni moto. Kila mwaka, kati ya Juni na Septemba, moshi hutanda juu ya Katanga nzima. Watu huchoma pori ili kuwinda panya, kufungua njia, kupata nyasi mpya za mifugo, au kusafisha shamba kwa haraka. Majivu ya moto hutoa rutuba ya muda mfupi, na hilo ni kweli. Ndiyo sababu kukata na kuchoma kumelisha vizazi vingi wakati ardhi ilipokuwa tele na shamba likaweza kupumzika miaka mingi. Lakini shamba linalochomwa kila mwaka bila kupumzika hupoteza kifuniko chake. Jua la Septemba na la mwanzo wa Oktoba, kipindi chenye joto kali kuliko vyote mwakani, hupiga ardhi tupu. Mvua ya kwanza hugonga ardhi hiyo, hufunga vitundu vyake, na sehemu kubwa ya maji hutiririka juu juu pamoja na majivu yote kuelekea mtoni. Mkulima huona mvua kubwa imenyesha. Akichimba kidogo, hukuta vumbi.

Tatu, kuna jambo lingine lililofichika ndani ya kiangazi, nalo ni la faida. Udongo unapokauka kwa miezi kadhaa kisha ukaloweshwa ghafla, vijidudu visivyoonekana kwa macho huamka kwa nguvu, huvunjavunja mboji, na hutoa naitrojeni nyingi ndani ya siku chache. Naitrojeni ndiyo chakula kinachoyapa mahindi rangi ya kijani iliyokolea. Mtafiti H. F. Birch alilieleza jambo hili katika miaka ya 1950 akifanya kazi Muguga, nchini Kenya, na hadi leo wanasayansi wa udongo duniani kote hulitaja kwa jina lake. Maana yake kwa mkulima wa Kamina ni nini? Ni kwamba mvua za kwanza huleta pamoja nazo mbolea ya bure. Mmea uliokwisha kuota huila. Shamba lililochelewa kupandwa kwa wiki kadhaa huikosa, kwa sababu mvua nzito za Novemba na Desemba huisukuma chini, mbali na mizizi.

Basi kuna sababu nzuri ya kupanda mapema. Lakini kupanda mapema kuna hatari yake, na hapa ndipo wakulima wengi huumia.

Hatari hiyo ni mvua ya kudanganya. Mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba huanguka mvua moja au mbili. Watu hufurahi, hupanda. Kisha anga hufunguka tena, jua huwaka siku kumi au zaidi. Mbegu zilizoota hufa, na zile ambazo hazijaota huoza au huliwa na mchwa na panya. Mkulima hulazimika kupanda mara ya pili, na mara nyingi hana tena mbegu, kwa sababu akiba yake nyingine iliuzwa mwanzoni mwa Septemba, watoto waliporudi shuleni.

Je, mkulima atajuaje kama mvua iliyonyesha inatosha? Wataalamu wa hali ya hewa hutumia kipimo cha namna hii: milimita 20 hivi za mvua ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa na kiangazi kirefu katika wiki zinazofuata. Sehemu ya pili ya kipimo hicho hakuna anayeiona mapema kwa uhakika. Sehemu ya kwanza kila mtu anaweza kuipima. Kopo lenye kuta zilizonyooka, likiwekwa mahali pa wazi, mbali na mti na paa, hupokea mvua. Kisha kina cha maji hupimwa kwa rula ya mtoto wa shule kabla jua halijayakausha. Sentimita mbili za maji ndiyo milimita 20.

Kipimo kingine hakihitaji hata kopo. Mkulima huchimba kwa jembe mpaka kina cha kiganja kizima, si juu tu, huchukua udongo wa chini na kuuminya mkononi. Ukishikamana na kubaki donge, unyevu umefika kwenye mizizi ya kesho. Ukimwagika kama unga, mvua bado haijatosha, hata kama juu pameloa. Irudiwe: udongo wa kupimwa ni ule wa chini, kwa sababu juu hudanganya.

Nne, mazao. Kiangazi na baridi yake havigusi kila zao kwa njia ile ile.

Mahindi yaliyovunwa hupata faida. Hewa kavu ya Mei na Juni huyakausha vizuri, na baridi huchelewesha kuzaliana kwa fukuzi ghalani. Mahindi yaliyo shambani hudhuriwa zaidi na ukame unaokuja katikati ya mvua, hasa siku yanapotoa maua na nywele. Siku chache bila maji wakati huo huacha magunzi yenye mapengo, na mvua itakayofuata haiwezi kurekebisha hasara hiyo. Viwavi jeshi vamizi nao, waliogunduliwa barani Afrika mwaka 2016 na kuenea haraka hadi Kongo, huzidi kuharibu mahindi yaliyodhoofishwa na jua.

Mihogo ndiyo nguzo ya nyumba nyingi wakati wa kiangazi. Unyevu ukipungua, mhogo huangusha majani, hupunguza kazi na kusubiri, huku mizizi yake ikichota maji ya chini. Ndiyo maana sombe, yaani majani ya mhogo, hupungua sokoni Agosti ilhali mizizi bado ipo. Lakini kuna kipindi kibaya cha kung'oa mihogo: mvua ya kwanza inapoanguka, mmea hutumia unga wa mizizi yake kutoa majani mapya, na mihogo inayong'olewa wakati huo huwa na unga kidogo.

Karanga huathirika mwishoni mwa msimu. Mvua ikikatika mapema, udongo hukaza, na karanga nyingi hubaki ardhini wakati wa kung'oa. Tena karanga zilizopata ukame kabla ya kukomaa hushikwa kwa urahisi na ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini, sumu inayodhuru ini la binadamu. Karanga zilizonyauka au zenye ukungu hazifai kusagwa wala kuliwa.

Michikichi ya Kabongo na Malemba-Nkulu hukumbuka kiangazi kwa muda mrefu. Mti huo huamua kama utatoa ua la kike au la kiume miaka miwili hivi au zaidi kabla ya mkungu kuvunwa, na ukame huufanya utoe maua ya kiume zaidi, ambayo hayazai. Mafuta yanapoadimika mwaka huu, chanzo chake chaweza kuwa kiangazi kikali cha mwaka juzi.

Bustani za mabondeni ndizo zinazopata neema ya baridi. Maji ya chini hujitokeza mabondeni hata Julai, na mboga kama kabichi, vitunguu na karoti hupenda usiku wa baridi. Nyanya hukua polepole zaidi, lakini hushambuliwa kidogo na magonjwa ya ukungu kuliko wakati wa mvua. Chini zaidi, katika bonde la Upemba, kando ya mto Lualaba, kama huko Bukama na Kinkondja, maji ya mafuriko hupungua kiangazi kinapoendelea na kuacha ardhi nyeusi yenye unyevu, ambayo wakulima huipanda kadiri maji yanavyorudi nyuma. Kwa njia hiyo jimbo moja huwa na njaa ya maji juu ya nyanda na shamba la kijani bondeni, katika mwezi ule ule.

Tano, Kamina na dunia nyingine. Katika nchi kama Kanada, Urusi na sehemu kubwa za Marekani, majira ya baridi huja na theluji. Theluji hufunika ngano iliyopandwa kabla ya baridi na kuikinga, kisha huyeyuka na kulowesha udongo kabla ya majira ya kupanda. Wakulima wa huko hupima theluji na unyevu wa udongo ili kukadiria mavuno. Baridi ya Kamina haina theluji. Haiongezi maji hata tone moja, huyapunguza tu. Kwa hiyo akiba ya hapa haishuki kutoka mbinguni wakati wa baridi. Ni lazima itunzwe kutoka mvua za nyuma, kwa mikono ya watu.

Na hasara ikitokea, haibaki shambani. Mwaka 2024 hali ya hewa iitwayo El Niño ilileta ukame mkali kusini mwa Afrika, na tarehe 29 Februari Zambia ilitangaza kuwa ukame huo ni janga la taifa. Miji ya Katanga, kama Lubumbashi na Kolwezi, imezoea kula mahindi na unga vinavyovuka mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikikosa mvua, bei ya meka, yaani kipimo cha sokoni, ya mahindi hupanda Katanga, na bukari, yaani ugali, hupungua mezani. Wakati kama huo macho hugeukia mashamba ya ndani, yale ya Kaniama, Kabongo na Kamina, ambayo mazao yake reli inaweza kuyafikisha mijini. Shamba lililotunzwa vizuri Kamina ni chakula cha nyumba moja, na pia ni sehemu ya usalama wa nchi.

Sita na mwisho: mkulima afanye nini? Mambo ni manne.

La kwanza, mabua na majani yaachwe shambani baada ya kuvuna, yasichomwe. Yanakinga udongo na jua, na yanageuka mboji. Shamba lizungukwe na mkanda uliofyekwa mapema, Mei au Juni, ili moto wa pori usiingie.

La pili, shamba litayarishwe mapema. Aprili na Mei udongo ungali laini, na majani mabichi yanaweza kufukiwa yaoze. Nchini Zambia, tangu miaka ya 1990, wakulima wadogo wengi wamefundishwa kuchimba mashimo ya kupandia wakati wa kiangazi. Mvua ya kwanza hukusanyika humo badala ya kukimbia. Kwenye mteremko, matuta yalimwe kukatisha mteremko, yasifuate njia ya maji.

La tatu, mbegu igawanywe. Sehemu ipandwe mvua za kwanza za kutosha zinapofika, sehemu isubiri wiki moja au mbili. Mahindi yachanganywe na kunde au maharagi, na mihogo isikosekane.

La nne, mvua ipimwe na habari zisikilizwe. Idara ya taifa ya hali ya hewa, Mettelsat, hutoa utabiri. Vikundi vya wakulima, shule na parokia vinaweza kuandika mvua ya kila siku katika daftari. Daftari la miaka kumi litawaambia vijana wa kijiji mambo ambayo kumbukumbu peke yake haiwezi kuyashika.

Wasikilizaji wapendwa, kwa ufupi: kiangazi hukausha tabaka ambalo mbegu hulitegemea, moto hulidhuru zaidi, mboji na kifuniko hulilinda, na mvua ya kwanza humfaa yule ambaye shamba lake liko tayari kuipokea. Kila mwenye shamba aende alitazame juma hili, achimbe, aushike udongo wake, na asiwashe moto.